Tundu la Pini

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa jumba la klabu, limepigwa chapa kwa herufi kubwa ili hata mwenye macho mabovu alione akiwa getini.

UCHUNGUZI WA AWALI UMEBAINI KOSA LA RUBANI. URUSHAJI UTAENDELEA LEO JUMAMOSI SAA NANE MCHANA. FAMILIA NA WAGENI MNAKARIBISHWA. MWENYEKITI.

Bi Nati alilisoma mara mbili. Uchunguzi wa awali ulikuwa wake yeye, na hakuwa amebaini kitu. Alikuwa na siku sita tu kwenye kesi hii, daftari lililojaa nusu, na mabaki ya glaida yaliyofunikwa turubai nyuma ya banda. Jumapili iliyopita ndege ile isiyo na injini ilivutwa na winchi, mashine ya kukunja waya, kama kawaida, ikapanda, pua ikazidi kutazama juu mpaka ikasimama wima, kisha ikaanguka kifudifudi. Aliyekuwa ndani ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mama wa watoto wawili. Alikuwa mtu wa nne kufa katika uwanja ule kwa miaka mitatu. Wote wanne walikuwa na kosa lao. Uwanja haukuwahi kuwa na kosa.

Wakubwa wana namna yao ya kumzika mtu mara mbili, kwanza kaburini, halafu kwenye ripoti.

"Umeshafika, Bi mkubwa," alisema Mwenyekiti nyuma yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. "Nilidhani wikendi unapumzika."

"Nani kakwambia ni kosa la rubani?"

"Mambo mengine yako wazi, hayahitaji mtaalamu."

"Basi mimi nalipwa kwa kazi gani?"

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayempapasa mbwa asiyemjua. "Tunakuheshimu sana. Ila watu wanataka kuruka. Kuna wageni wamekuja kutoka mbali. Ukiwa na sababu ya maana ya kuzuia, ilete kabla ya saa nane. Kama huna, tuache tufanye kazi yetu."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Jina la Bi Nati alilipata zamani akiwa polisi wa ajali za barabarani. Aliokota nati moja kwenye lami, akaiweka mfukoni, na kwa nati hiyo mwenye malori kumi na mawili akaenda jela. Baadaye walimhamishia ajali za ndege kwa kuwa ofisi hiyo ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa. Za angani hakuzijua. Vyuma alivijua, na alijua kwamba chuma hakipendelei mtu.

Alifunua turubai, akapiga magoti kwenye saruji, akawasha tochi.

Mkia wa glaida zile ulikuwa wa kuvua na kuvaa. Banda lilijengwa fupi, mlango haukufungika, kwa hiyo kila jioni mikia iling'olewa, na kila asubuhi ikarudishwa. Kwa miaka sita wanachama waliomba banda liongezwe. Kilichoongezwa ni baraza la vigae mbele ya jumba la klabu, la wageni kukaa. Kila mkia ulipovishwa, fimbo anayoishika rubani ilibidi iunganishwe upya na ubawa mdogo wa nyuma, ule unaoinua na kushusha pua. Kiungo chenyewe kilikuwa kidogo kama kifundo cha kidole. Gololi inaingia kwenye kikombe, kikombe kinabana kwa springi, kisha pini nyembamba inapitishwa kwenye tundu ili kikombe kisifunguke.

Gololi alikuwa nayo. Kikombe alikuwa nacho. Kwa siku sita alikuwa amevitazama kimoja kimoja. Leo aliviweka pamoja kwenye kitambaa cheupe.

Chuma kikivunjika kwa kishindo huacha alama. Mdomo wa kikombe ungechanika, shingo ya gololi ingepinda. Hivi vilikuwa vizima kabisa, laini kama vimetoka dukani. Havikung'olewa na ajali. Viliachana vyenyewe, juu, ndege ikiwa bado inapanda.

Akainua kikombe, akamulika tundu la pini. Tundu lilikuwa limeziba. Akachokoa kwa sindano, ikatoka grisi ya zamani, nyeusi, imekauka kama utomvu. Akaitia kwenye kifuko, akaandika tarehe na saa. Kalamu ilitoboa karatasi.

Pini haikuwa imepita kwenye tundu lile kwa wiki nyingi, pengine miezi.

*

Kapteni, mwalimu mkuu wa urubani, alikuwa chumba cha mafunzo anafuta miwani ya jua kwa ncha ya shati. Ukutani kulikuwa na picha zake tisa. Bi Nati alikaa bila kukaribishwa.

"Tuanze tena. Kwa nini alianguka?"

"Nimeshasema. Uchovu. Muuguzi anatoka zamu ya usiku, hajalala, anakuja kurusha ndege. Alikuwa hodari, sisemi, lakini mwili ni mwili."

"Nani kakwambia alitoka zamu?"

"Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

Kapteni aliinua miwani kwenye mwanga, akatafuta vumbi. "Wanachama."

"Hospitali inasema alikuwa likizo tangu Alhamisi. Jumamosi alilala kwake. Mume wake anasema alikoroma mpaka yeye akahamia sebuleni." Alifunua ukurasa. "Hilo tumelimaliza. Lete lingine."

"Basi alivuta fimbo kwa pupa. Wanafunzi wengi—"

"Alikuwa mwanafunzi?"

"Hapana. Miaka minane anaruka. Lakini ukivuta kwa pupa, pua inapanda. Hesabu ndogo tu."

"Hesabu ndogo nazipenda. Pua ikizidi kupanda, mtu uliyemfundisha wewe hufanya nini?"

"Anasukuma fimbo mbele."

"Kila mtu?"

"Hata aliyeanza jana."

"Fimbo yake tumeikuta wapi, Kapteni?"

Kapteni alirudi kufuta miwani.

"Ulikuwepo tulipomtoa. Nisaidie kukumbuka. Ilikuwa wapi?"

"Mbele."

"Mbele kiasi gani?"

"Mpaka mwisho."

"Na mkono wake?"

Kapteni aliivaa miwani, ndani ya nyumba, saa tano asubuhi. "Ulikuwa bado umeishika."

"Kwa hiyo alisukuma mpaka mwisho, na ndege ikaendelea kupanda. Fimbo inaongea, huko nyuma hakuna anayesikia. Umewahi kuwaambia watu wasiweke pini?"

"Kiungo kile kinajifunga chenyewe kwa springi. Pini ni mambo ya waoga. Kila jioni kuzichomoa, kila asubuhi kuzirudisha, vidole vyenyewe haviingii vizuri. Nimerusha miaka ishirini na sita."

"Jibu swali."

"Nilisema si lazima."

"Asante," alisema Bi Nati, akaandika neno kwa neno, akamgeuzia daftari. "Saini hapo."

"Hiyo siyo sababu ya ajali," alisema Kapteni huku kalamu ikiwa hewani. "Hata bila pini, kuna ukaguzi wa kushika. Mmoja anakaa ndani anavuta fimbo, mwingine yuko nyuma ameukamata ubawa wa mkia kwa mikono miwili, anaukazia usiende. Kiungo kisichokaa sawasawa kinaachia palepale chini. Wewe mwenyewe uliandika hivyo kwenye ripoti ya mwaka juzi. Tukatekeleza. Tuna fomu."

Kweli aliandika. Aliandika baada ya kifo cha pili, mistari miwili: pini iwekwe, na mkia ushikwe. Klabu ilijibu kwa barua yenye mhuri mmoja wa zambarau, neno moja. IMETEKELEZWA.

"Nipe hizo fomu," alisema.

*

Winchi ilikuwa mwisho wa uwanja, kilomita nzima kutoka banda. Aliyeiendesha aliitwa Kapi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mieusi kwa mafuta na hati nzuri kuliko ya karani. Kila mvuto wa ndege aliuandika kwenye daftari lake mwenyewe, kwa saa na dakika. Hakuna aliyemwagiza. Alipenda tu mambo yake yakae sawa.

"Kaa hapo, dada. Siyo hapo, hapo utaondoka na grisi. Hapo."

Bi Nati alikaa juu ya ngoma ya waya, akaweka mapajani kitabu cha fomu za ukaguzi.

"Saini hii, kwenye mstari wa mshika mkia. Jumapili. Ni yako?"

"Yangu."

"Uliushika?"

"Niliushika."

"Saa tatu na dakika arobaini asubuhi."

"Kama imeandikwa hivyo."

"Muda kauandika marehemu. Hati ni yake. Sasa lete daftari lako la winchi."

Kapi alilitoa chini ya kiti, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alilifuta jalada kwa kiwiko kabla ya kumpa. Bi Nati alilifungua kwenye Jumapili, akamrudishia.

"Nisomee. Macho yangu yamechoka."

Kapi alisoma kwa sauti ya darasani. "Saa tatu na dakika kumi, waya umekatika. Saa nne na dakika tano, umeungwa, umejaribiwa." Akafika mwisho wa mstari, akabaki anautazama.

"Uliunga waya huku?"

"Huku."

"Peke yako?"

"Nani mwingine anajua kuunga?"

"Una mikono mirefu, Kapi. Mmoja huku unasokota waya, mwingine kule umeshika mkia."

Kapi hakucheka. Alichukua tambara, akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja, na havikutakata.

"Geuza fomu mbele," alisema hatimaye. "Usinihoji mimi. Geuza mbele."

Bi Nati aligeuza. Fomu ya kesho, Jumapili, ilikuwa tupu. Haikuwa na ndege, haikuwa na rubani, haikuwa na saa. Chini, kwenye mstari wa mshika mkia, palikuwa na saini ya Kapi. Aligeuza tena, Jumamosi ijayo, ikiwa na saini. Mwezi ujao pia. Aligeuza mpaka jalada la nyuma. Watu wasiojulikana watakaorusha ndege siku ambazo hazijafika, na mikia yao yote imeshashikwa.

"Ananiletea Mwenyekiti," alisema Kapi. "Kitabu kikiisha anakuja na kipya. Nakaa hapo ulipokaa, nasaini huku nakunywa chai. Nikamuuliza, mkubwa, hii si ya kusaini baada ya kushika? Akasema sheria inataka saini, haikusema ije lini. Akasema foleni ni ndefu, kila ndege dakika tano, tukianza kushikana mikia tutaruka mbili kwa siku na wageni watalala."

"Na wewe ukasaini."

"Nikasaini. Mimi ni mtu wa winchi, dada, nikasema hao ni marubani, watashika wenyewe kule, saini ni ya karatasi tu. Mimi nilijua wanashika wao." Tambara lilikuwa limekazwa ngumini. "Marehemu akafika, akavisha mkia, akaenda kuchukua parachuti lake. Aliporudi akakuta karatasi ina saini yangu. Angefikiri nini? Amefikiri Kapi kapita, kashika. Ananiamini. Mtoto wangu wa mwisho kapokelewa na mikono yake."

Bi Nati alifunga kitabu cha fomu. Alikuwa amesikia watu wengi wakilia juu ya mambo waliyoyafanya, na wachache sana waliolia kwa yale waliyoyasaini.

"Niliona pua inakwenda juu," alisema Kapi. "Nikapunguza moto. Ikaendelea. Nikakata waya kwa kisu cha dharura. Nimefanya yote yaliyo ya winchi."

"Nitaandika hayo pia."

"Saa nane wananitaka nivute ndege tatu."

"Najua."

"Unaweza kuzuia?"

"Nina mkubwa wangu. Nitampigia."

Kapi alimtazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye aliyefiwa.

*

Mkubwa alipokea simu kwenye mlio wa saba. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watoto na vyombo.

"Una uhakika kiasi gani?"

"Kiungo hakikuwa na pini. Ukaguzi haukufanywa. Fomu zinasainiwa kabla. Ninazo mkononi, mkubwa. Mpaka za mwezi ujao."

"Hizo ni dosari za kiutawala."

"Mtu amekufa kiutawala?"

"Usiniongeleshe hivyo. Lete ripoti Jumatatu, kikao kitaijadili. Mwenyekiti yule ni mtu wa watu, hatuwezi kumfungia uwanja kwa tundu lenye grisi."

"Ndege zinaruka leo. Zote tatu zina kiungo kilekile."

"Tusikurupuke," alisema mkubwa, simu ikakatika.

Bi Nati aliitazama simu. Amri ya kuzuia urushaji ilitaka saini ya mkubwa, na kalamu ya mkubwa ilikuwa nyumbani inakula. Saa yake ilisema saba na nusu.

*

Glaida tatu zilipangwa kwenye nyasi, moja nyuma ya nyingine, nyeupe, mabawa marefu yamelala upande. Kwenye baraza la vigae watu kama arobaini walikaa na soda zao. Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti. Kapteni alisimama kando, miwani usoni.

Bi Nati hakwenda kwa Mwenyekiti. Alipita mbele ya baraza, mbele ya watu wote, mpaka kwenye mkia wa ndege ya kwanza.

"Habari za mchana," alisema kwa sauti ya trafiki katikati ya makutano. "Kabla hamjaruka nitashika mikia. Dakika tano kila ndege. Ni sheria ya klabu yenu wenyewe, iko kwenye fomu, imesainiwa."

"Imeshafanyika asubuhi," alisema Mwenyekiti, na kipaza sauti kikamsambaza uwanja mzima.

"Na nani?"

"Fomu zipo."

"Fomu ninazo mimi. Nakuuliza mtu. Nani alishika?"

Watu wa barazani walikuwa wameacha kunywa. Mwenyekiti aliwatazama, akarudisha tabasamu lake usoni. Hakuna mwenyeji anayemkatalia mwanamke dakika tano mbele ya wageni. "Shika, Bi mkubwa. Ukituona tunaficha kitu, useme."

Aliukamata ubawa wa mkia wa kwanza kwa mikono miwili, akakaza. "Vuta."

Rubani akavuta. Ubawa ukamsukuma viganja kwa nguvu. "Sukuma." Ukamsukuma tena. Kiungo kilishika.

Cha pili vilevile. Mtu mmoja barazani aliguna, mwingine akacheka. Mwenyekiti alitazama saa yake, mkono umeinuliwa juu ili wengi waone.

Ndege ya tatu ilikuwa ya watu wawili. Mbele alikaa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mnene mwenye utani, miaka kumi mwanachama. Nyuma yake alikaa mkewe, mara yake ya kwanza kupanda, kofia kichwani, mikanda imefungwa mpaka shingoni.

"Shika vizuri, dada, nina mzigo wa nyumbani huku," alisema mwalimu, watu wakacheka.

"Vuta."

Ubawa ulianza kumsukuma viganja. Kisha kikasikika kitu kidogo ndani ya mkia, tak, kama mtu amefungua kopo, na uzito wote ukatoweka. Kule mbele fimbo ilimjia mwalimu tumboni mpaka mwisho. Kule nyuma ubawa ulibaki mikononi mwa Bi Nati, hausogei.

"Sukuma," alisema.

Mwalimu alisukuma, akavuta, akasukuma. Fimbo ilikwenda mbele na nyuma, nyepesi kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Ubawa haukucheza.

"Ndivyo inavyokuwaga?" aliuliza mkewe.

Mwalimu aligeuka kwenye kiti chake, akapitisha mkono nyuma, akaanza kumfungua mkanda. Kidole gumba kilikosa kitufe mara mbili. Alipomaliza wa mkewe ndipo akafungua wake. Alimshusha kwa kumshika kiuno, akamweka kwenye nyasi, akasimama naye hapo bila kumwachia. Rubani wa ndege ya pili akafungua kifuniko chake cha kioo, akatoka. Wa kwanza akafuata. Kapteni alikuwa amevua miwani, na bila miwani alionekana mzee.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Mnaona, ndugu wageni," alisema kwenye kipaza sauti. "Ukaguzi umefanyika, hitilafu imeonekana, hakuna aliyeumia. Mfumo wetu unafanya kazi. Fundi atarekebisha, tutachelewa nusu saa tu."

Bi Nati aliuachia mkia. Alipita kwenye nyasi mpaka alipokuwa hatua moja kutoka kwake, akatoa daftari, akatafuta ukurasa safi.

"Rudia hilo, Mwenyekiti."

"Lipi?"

"La mfumo. Polepole. Nataka kuliandika kama ulivyolisema, halafu uliwekee saini. Ukimaliza, mume wa marehemu yuko mjini anashona nguo, nampelekea akalisome."

Mwenyekiti alishusha kipaza sauti. "Sikusema kitu."

"Umesema. Watu arobaini wamesikia." Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. "Anza na neno mfumo."